Kazi Yako Ikikataliwa, Uliza Sababu



Tumekuja kwenu leo watu watano. Sisi ndio kamati ya kuchagua kazi za sanaa zitakazowekwa katika maonyesho ya mkoa wetu. Yumo mchongaji. Yumo mama mfinyanzi. Yumo mwalimu wa shule ya msingi. Yumo mwenye duka la kazi za mikono. Na yumo afisa utamaduni. Maneno haya ni yetu sote, hata kama msemaji ni mmoja.

Kilichotuleta ni neno tulilolisikia. Tumeambiwa kwamba katika kijiji hiki watu wanasema hivi: "Safari hii hatupeleki kitu. Mwaka jana walituchagulia gizani."

Neno hilo lilituuma. Lakini tulipokaa tukalifikiri, tuliona lina ukweli ndani yake. Basi leo tutawaeleza kwa nini kazi huchaguliwa, tulikosea wapi, na tumebadilisha nini. Tukimaliza, ninyi wenyewe mtaamua kama mtaleta kazi zenu au mtaziacha nyumbani.

KWA NINI KUCHAGUA?

Mtu anaweza kuuliza: Kwani lazima kuchagua? Si ziwekwe zote, watu waone?

Ni swali zuri. Jibu la kwanza ni nafasi. Mwaka jana ukumbi ulikuwa na nafasi ya kazi 60 tu. Zilizoletwa zilizidi mara mbili. Kinyago hutazamwa mbele na nyuma, kwa hiyo mtu apate pa kukizunguka. Mkeka mmoja huchukua ukuta. Ukivibananisha vyote pamoja, hakuna kitakachoonekana. Ninyi ni wakulima, mnajua. Mahindi yakipandwa bila nafasi, unavuna majani.

Jibu la pili ni jina la mkoa. Mgeni akija akaona kazi iliyofanywa ovyo karibu na kazi iliyofanywa kwa moyo, ataondoka akisema wote ni wale wale. Fundi mzuri ataumia kwa kosa la mvivu.

Lakini jambo hili tulishike sana. Kuchagua si kusema huyu ni fundi na yule si fundi. Kuchagua ni kusema: kwa maonyesho haya, katika ukumbi huu, kazi hizi ndizo zitakazokwenda. Anayechagua ni binadamu. Binadamu hukosea. Sisi tulikosea, na sasa tutawaambia kosa lenyewe.

MKEKA TULIOUKATAA

Mwaka jana mama mmoja alileta mkeka wa ukindu. Mama huyo yupo hapa leo. Ametupa ruhusa tuyaseme haya, ila jina lake hatulitaji.

Mkeka ulikuwa mzuri. Ukili umesukwa ukabana, na ushonaji ni safi. Lakini ulipofika katikati, mambo yalibadilika. Upande mmoja ukili ulikuwa mwembamba, rangi yake nyekundu iliyoiva. Upande wa pili ukili ulikuwa mpana kidogo, na wekundu wake umefifia. Tuliutazama kwa muda mfupi tu. Mmoja wetu akasema, "Huyu amechoka katikati ya kazi." Wengine tukaitikia kwa kichwa. Mkeka ukawekwa kando.

Mama alipokuja kuuliza, aliambiwa, "Haukufikia kiwango." Kiwango gani? Hakuambiwa. Akaukunja mkeka wake, akapanda basi, akarudi nyumbani.

Miezi michache baadaye mmoja wetu alifika hapa kwenye msiba. Akakaribishwa aketi. Alipotazama chini akaona amekalia mkeka ule ule. Akamwuliza mama taratibu, "Mama, hapa katikati palikuwaje?"

Mama akamjibu: "Hapo ndipo mkono wa mama yangu ulipoishia. Aliuanza yeye. Alipofariki nikaumalizia mimi. Ningeweza kuufumua ukili wake nikausuka upya, yote yawe sawa. Sikutaka. Nilitaka paonekane."

Jamani, tulinyamaza tulipoletewa habari hiyo. Kile tulichokiita kosa ndicho kilichokuwa moyo wa mkeka. Mikono miwili, mama na mtoto wake, katika mkeka mmoja. Na sisi tuliokaa mezani na kalamu zetu hatukuona.

Tulikwenda kuitafuta fomu yake. Pale palipoandikwa "Maelezo ya kazi" palikuwa patupu. Wakati ule mama alikuwa bado hajaanza kisomo. Aliyemjazia fomu aliandika jina, kijiji na bei. Mahali pa maelezo akaparuka. Hakumwuliza mama, na sisi hatukumwuliza mtu yeyote.

Tulimwendea mama tukaomba radhi. Tukamwomba mkeka kwa ajili ya maonyesho yajayo. Akatupa radhi, lakini mkeka akatunyima. Alisema mkeka sasa unatumika, wageni wanaukalia, na kingo zimeanza kuchakaa. Hivyo watu wa mkoa wetu hawatauona mkeka ule ukutani. Hiyo ni hasara, na sisi ndio tuliyoileta.

TUMEBADILISHA NINI?

Baada ya hapo tulikaa tukaweka taratibu mpya. Zisikilizeni vizuri, ili mtuulize pale tutakapozivunja.

Kwanza, kila kazi itapewa namba. Namba itaandikwa kwenye karatasi na kufungwa kwa uzi, isibandikwe kwa gundi kwenye kazi ya mtu. Tutakapochagua, tutaona namba na maelezo. Jina la mwenye kazi na la kijiji chake yatabaki kwa mwandishi wa kamati. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkulima wote watakuwa namba.

Pili, tutazipitia kazi zote mara ya kwanza kwa macho tu, bila kusema. Mwaka jana mmoja alisema neno, wengine tukamfuata kama kondoo. Mwaka huu kila mmoja atatazama kwa macho yake mwenyewe.

Tatu, kila mmoja wetu ataandika kwenye karatasi yake, kwa siri, neno moja kati ya matatu: Ndiyo, Hapana, au Tuzungumze. Hata mtu mmoja tu akiandika Tuzungumze, kazi hiyo itazungumzwa na wote. Baada ya mazungumzo tutapiga kura. Itakayopata kura tatu kati ya tano itaingia.

Nne, hakuna kazi itakayokataliwa kabla maelezo yake hayajasomwa kwa sauti. Kama maelezo hayapo, mwandishi wa kamati atamtafuta mwenye kazi amwulize. Utaratibu huu tumefundishwa na mkeka ule.

Tano, mwenye ndugu atoke nje. Mmoja wetu ana mpwa wake anayechonga. Kazi ya mpwa ikifika mezani, mjomba atatoka, na wanne watakaobaki wataamua, kura tatu zikihitajika vile vile. Wala sisi watano hatutaweka kazi zetu wenyewe katika maonyesho tunayoyachagulia. Huwezi kuwa mchezaji na mwamuzi katika mechi moja.

Sita, kazi ikikataliwa, mwenyewe atapewa barua fupi yenye sababu. Si maneno ya "haikufikia kiwango." Tutaandika, kwa mfano: "Chungu hiki kina ufa kwenye ukingo." Au: "Kinyago hiki ni kizuri, lakini vya namna hii vilikuwa sita na nafasi zilikuwa mbili." Sababu ambayo hatuwezi kuisema mbele ya mwenye kazi, hiyo si sababu.

TUNATAZAMA NINI?

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Mtu atasema: Mtapimaje chungu na kinyago? Ni kweli, havipimiki kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo kwanza tunavitenga. Vyungu na vyungu, mikeka na vikapu mahali pake, vinyago mahali pake, picha mahali pake. Halafu kila kazi tunaiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: Je, imefanywa vizuri? Chungu tunakigonga kwa kidole. Chungu kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Madoa meusi ya moto si kosa, maana chungu kimechomwa kwa kuni na majani, hakikutoka kiwandani. Mkeka tunautazama mbele na nyuma. Kinyago tunakigeuza tuone hata chini, mahali ambapo mvivu hafiki na msasa.

Swali la pili: Je, mali yenyewe inafaa kwa kazi hiyo? Wachongaji wetu wa Kimakonde hupenda mpingo. Ni mti mgumu na mzito. Kipande cha moyo wa mpingo kikitupwa majini huzama. Lakini vinyago vya kuvaa vya ngoma ya mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji huvivaa kichwani na kucheza navyo. Mti mweupe hauna ubaya. Ubaya ni kuuchukua mti mweupe, kuupaka kiwi cheusi, na kumwambia mnunuzi kwamba ni mpingo. Kazi ya namna hiyo tutairudisha. Na wenye mpingo wa kweli, uwe umepatikana kwa kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, na miti yenyewe hukua polepole sana.

Swali la tatu: Je, ni mkono wako? Mwaka jana tulikaribia kuchagua kinyago kilichong'aa sana. Bahati nzuri mwenye duka wetu akakitambua. Alikwisha viona vya namna ile vingi, vimepangwa mstari kando ya barabara, vyote pua moja. Aliyekileta alikinunua, hakukichonga. Safari hii tukiwa na mashaka, tutakuomba uje na tezo yako na patasi zako, au utuonyeshe kazi ambayo hujaimaliza. Fundi wa kweli hatachukia. Kujifunza kwa mwenzako ni halali, na mafundi wote wamejifunza kwa wengine. Lakini kuchukua kazi ya mwenzako na kuandika jina lako ni wizi. Nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, nayo inalinda kazi za sanaa kama inavyolinda vitabu na nyimbo.

Swali la nne: Je, ina neno? Hatusemi lazima iwe na hadithi ndefu. Chungu cha maji kilichokaa vizuri, shingo yake na tumbo lake vikapatana, kina neno lake. Lakini tunataka tuone kwamba mfanyaji aliamua jambo, hakufuata mkono tu. Na pale ambapo hatuelewi, tumejifunza kuuliza kwanza.

WALIOKATALIWA KABLA YETU

Ndugu zetu, msidhani kamati za kukosea zipo kwetu tu. Mwaka 1863 huko Paris, Ufaransa, kamati ya maonyesho makubwa ilikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizoletwa. Wasanii walilalamika sana, hata habari ikamfikia mtawala wao, Napoleon III. Yeye akaamuru kazi zilizokataliwa zionyeshwe mahali pao, wananchi wajionee wenyewe. Watu wengi walikwenda kucheka. Moja ya picha zilizochekwa ilikuwa ya Édouard Manet, inayoonyesha watu waliokaa kwenye majani. Leo picha hiyo imo katika jumba la makumbusho huko huko Paris, na watu hutoka nchi za mbali kwenda kuitazama.

Na kwetu je? Mnamfahamu Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, halafu akaenda Dar es Salaam. Hakusoma chuo cha sanaa. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Picha zake ziliuzwa kando ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa njia hiyo waliunda chama cha ushirika. Leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji.

Hebu tujiulize sisi wenyewe. Kama Tingatinga angetuletea picha yake ya kwanza, ya rangi ya baiskeli, tungeichagua? Au tungesema haikufikia kiwango? Swali hilo tunataka likae nasi mezani siku ya kuchagua.

Jambo jingine. Tingatinga aliandika jina lake kwenye picha zake. Baadaye, picha zake zilipopata thamani, walitokea watu wa kughushi. Wakati huo kujua jina limeandikwaje, na kwa mkono wa nani, kulikuwa na maana kubwa. Ninyi mmejifunza kuandika majina yenu. Yaandikeni kwenye kazi zenu, chini au nyuma, pamoja na mwaka. Chungu kiandikwe kabla ya kuchomwa, udongo ungali mbichi.

WEWE UFANYE NINI?

Sisi tumesema yetu. Ninyi nanyi mna yenu ya kufanya.

Fomu ijaze mwenyewe. Mwandiko mbaya si kitu, sisi tutausoma. Jina la kazi, imetengenezwa kwa nini, urefu na upana wake, mwaka, na bei. Na pale penye "Maelezo ya kazi" usiparuke. Andika mistari mitatu tu: kazi hii ni nini, niliifanyaje, na ninataka mtu aone nini. Asiyejua kuandika bado, amwambie mhitimu wa kisomo amwandikie, kisha asomewe yote yaliyoandikwa kabla ya kuweka dole gumba.

Bei ifikiriwe. Wengi hutaja bei kwa kuogopa. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme ukindu, rangi na uzi vimekugharimu shilingi 15,000. Umefanya kazi siku 12, na kila siku unaihesabu shilingi 4,000. Mara 12 ni shilingi 48,000. Nauli shilingi 7,000. Jumla ni shilingi 70,000. Ukiuza mkeka huo kwa shilingi 30,000, umerudishiwa gharama zako na kubakiwa na shilingi 8,000 kwa kazi ya siku 12. Kupunguza bei ni hiari yako, lakini punguza ukiwa umeijua hesabu.

Kazi ifungwe vizuri. Kinyago kisianikwe juani, maana mpingo ukikauka haraka hupasuka. Chungu kifungwe kwa majani makavu au matambara, kisigusane na kingine. Na ukikabidhi kazi yako, dai stakabadhi yenye namba. Isome palepale. Kama namba ya kwenye stakabadhi si ile iliyofungwa kwenye kazi yako, usiondoke.

Mwisho, ukipata barua ya kukataliwa, usiitupe. Isome. Kama sababu huielewi, njoo tuulize. Kama unaona tumekosea, tuambie kabla maonyesho hayajafunguliwa, tutaitoa kazi tuitazame tena mbele yako. Hatuahidi kwamba tutabadili neno kila mara. Tunaahidi kwamba tutatazama.

Ndugu wanakijiji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumejifunza kwamba methali hiyo haitoshi. Kizuri nacho kinaweza kurudi nyumbani kwa basi, kimekunjwa, kwa sababu waliokitazama walikuwa na haraka.

Yule mama wa mkeka tulimwuliza jana kama atatuletea kazi safari hii. Alituambia ameanza kusuka ukili mwingine. Kisha akaomba fomu mbili, moja ya kujifunzia na moja ya kujaza kweli. Tumempa.

Tunawaachia maswali matatu. Yazungumzeni katika darasa lenu:

1. Katika kijiji hiki ni kazi zipi za mikono ambazo hamjawahi kuziita sanaa? Kwa nini?

2. Ninyi mkiwa kamati, mngeutazamaje ule mkeka wa mikono miwili kama hamkuwa na maelezo?

3. Ni sababu gani ya kukataliwa ambayo mtu anaweza kuipokea bila kinyongo, na ni ipi hawezi?

Majibu yenu tuandikieni. Tutayasoma kabla hatujakaa mezani kuchagua.